Mgeni Asiyesema Rudi

Dada Boke, hamjambo hapo Kegonga?

Homa Bay ni joto tupu, na maonyesho ya mashine yamenichosha kabisa. Nilivishwa miwani ya kompyuta, nikasimamishwa kwa sakafu inayozunguka chini ya miguu: unatembea upande wowote, lakini huondoki. Ndani ya miwani, mama wa kuchorwa akaniaga, nikamsindikiza. Nikangoja aseme, "Inatosha, rudi." Wapi! Anaenda tu, nami jasho linanitiririka.

"Mama, unaenda wapi?" mwenye mashine akaniuliza.

"Si nasindikiza mgeni!"

Ukumbi mzima ukacheka.

Wewe nawe, niliposafiri kuja huku nilikwambia rudi tangu getini, ukakataa, ukanifikisha hadi lami na goti lako hilo. Likande na maji moto, kichwa ngumu wewe. Nimekukumbuka.

Gati