Camionnette ya Maternité Inatapika Mayi

Kazi ya pili, 6 octobre 1953
Leo tena! Nilijaza radiateur ya camionnette mayi asubuhi, bidon nzima. Nilienda kuchukua bamama babili ba mimba ku njia ya Kasumbalesa. Kufika hapa Élisabethville, mayi nusu haiko. Inatokea mu kale katuyau kadogo ka trop-plein, kenye kutosha mayi ikizidi, inamwangika chini, paka moshi tu.
Mon Père Edgard, mukubwa wa maternité yetu, nyumba ya kuzalisha bamama, alisimama akiangalia. Asema unajaza kupita kipimo, Liévin, acha nafasi. Asema tena: moteur ikikufa, njo weye utajibu.
Miye njo chauffeur moya tu hapa. Nyumba tunalala na bibi yangu Angélique na mutoto wetu Virginie ni ya kazi. Angélique iko na mimba ya myezi saba.

Kazi ya tatu, 7 octobre
Niliacha nafasi ya vidole bine. Inatapika.
Niliangalia bouchon, kifuniko ya radiateur: mupira yake ilikauka kama ngozi ya zamani. Nilikata ingine mu chambre à air, mupira ya ndani ya gurudumu. Niliacha moteur iungurume mu lupango saa moya nzima. Hata tone! Nilicheka peke yangu. Angélique asema Baba Virginie, unakuwa wazimu?

Kazi ya ine, 8 octobre
Nilicheka mbio sana. Ku mupando wa kilima ya kwanza — mayi yote inje. Mama moya mugonjwa aliuliza kama tunaungua. Nilimwambia hapana, mama.

Siku ya posho, 10 octobre
Nilitosha calorstat, kale kamulango kenye kufungulia mayi njia moteur ikipata moto. Nilikatia mu chungu ya Angélique, mayi ikachemka: kakafunguka muzuri. Basi haiko yee.
Angélique alikasirika. Chungu yangu ya bukari, unapikia chuma! Niliisugua mara tatu. Anasema ingali inanuka mafuta.

Siku ya Mungu, 11 octobre
Kisha misa, Faustin alikuja. Ni Mukasai, fundi ku garage moya ya bazungu, rafiki yangu. Hakufungua kitu, paka bouchon, moteur ikiwa baridi. Asema washa.
Niliwasha. Mu mayi mulianza kupanda mapovu. Moya, moya, bila kuacha. Alitia kidole, akanusa.
— Nusa na weye.
Harufu ya mafuta ya essence iliyoungua!
Asema ni joint de culasse, ile inakaa katikati ya moteur na kichwa yake. Iliungua pahali. Moto ya ndani inapuliza mu mayi, mayi inakimbia. Ungejaza mutoni yote, ingetoka tu.
Kisha aliniangalia sana.
— Liévin, ndugu, nani aliitembeza kavu, bila mayi?
Niliapa haiko miye.
Régine, musaidizi wa maternité, alikuwa anaanika mashuka pembeni. Alisikia. Faustin akisha kuenda, akakuja polepole. Asema: mwezi wa munane, ulienda Kambove kuzika baba yako. Ma sœur Clotilde njo aliendesha. Mayi iliisha njiani, moshi ilikuwa mingi, akamwanga mayi ya baridi mu moteur ya moto. Iliita kaa! Alituomba tusiseme.
Ma sœur Clotilde, mutawa mwenye kuzalisha bamama yetu!

Kazi ya kwanza, 12 octobre
Nilimwambia mon père habari ya joint. Aliuliza: nani aliiunguza? Chauffeur ni weye.
Ma sœur alikuwa pale, anakunja mashuka. Aliangalia chini. Alikunja shuka moya, akaikunjua, akaikunja tena.
Mwaka jana, mutoto wetu wa pili akikufa mu kuzaliwa, huyu muzungu alikaa na Angélique siku mbili, anamushika kichwa. Hakula. Nitafungua kinywa namna gani?
Mon père asema joint itakuja na gari la moshi. Mwisho wa mwezi nitafute kazi ingine.
Sijamwambia Angélique. Aliuliza juu ya nini sili chakula.

Kazi ya tatu, 14 octobre
Ninaandika kando ya barabara. Jua kali. Tunangoja moteur ipoe.
Asubuhi banakuja kutuita: mama Germaine, wa kijiji ya ku njia ya Kasumbalesa, siku ya pili anasumbuka kuzaa. Mon père iko Jadotville. Ma sœur asema, Liévin, itatufikisha? Nilisema kuenda, ndiyo. Kurudi, sijue.
Nilipakia bidon ine. Nilifanya vile Faustin alinifundisha: bouchon nusu wazi, polepole, kusimama kila kilometa kumi. Kuenda tulimaliza mbili. Kurudi, moya.
Mama Germaine iko nyuma na Régine. Analia chini-chini.
Sasa hivi ma sœur alichukua bidon ya mwisho, akaenda mbio kumwanga mu moteur. Nilipiga kelele. Miye, kwa ma sœur!
— Hapana! Itapasuka kabisa! Tungoje!
Alisimama. Bidon mu mikono. Uso ilikuwa nyekundu.
— Mwezi wa munane sikungoja, asema.
— Ninajua, ma sœur.
— Tangu siku gani?
— Siku ya Mungu.
Alikaa chini mu vumbi, na kanzu yake nyeupe.

Nilishika moteur. Bado moto.
Régine anaita: ma sœur, kuja, mama hasemi tena! Ma sœur amekimbia nyuma. Anapiga kelele anaita Germaine, Germaine.
Nilishika tena. Vidole vinaungua, lakini ninaweza kushika mpaka kuhesabu tatu.
Ninawasha. Nitatia mayi na kikombe, kidogo-kidogo, moteur ikizunguka. Kilometa kumi na nane, bidon moya.
Kikombe ya kwanza. Inaingia bila kutapika, moteur ingali inazunguka; ninafunga daftari, tunaenda.