Sindano ya Safina

Mukendo, Musoma

Mwanangu Amini,

Huku tu wazima, na mvua zimeanza. Nakuandikia kwa sababu simu za mkeo Safina hupokei.

Safina sasa anajichoma mwenyewe ile sindano ya pumu na ukurutu aliyoandikiwa na daktari. Anaitoa kwenye friji, anaiacha mezani mpaka ubaridi uishe, ananawa mikono, anaangalia kama dawa haijachafuka, kisha anachoma pajani, kila mara mahali tofauti. Mimi nafumbaga macho.

Juzi, kwenye harusi kule Buhare, vumbi lilimbana kifua. Nikapiga kelele, "Twende nyumbani ukachome sindano!" Akatikisa kichwa, akavuta pampu yake ya pumu. Alipopata pumzi akasema, "Mama, sindano ni ya kuzuia, haimwokoi aliyebanwa. Sasa nipelekeni hospitali." Sisi tulikuwa tunalia, na yeye mgonjwa ndiye aliyekuwa anatutuliza.

Ameruhusiwa, anaendelea vizuri. Jana alienda sokoni na gauni la mikono mifupi. Ngozi uliyosema inakutia kinyaa imetulia.

Hajui kama nakuandikia. Ukirudi, mwanangu, utabisha hodi kwake, siyo kwangu.

Mimi mama yako,
Shamsia