Mtaro Uliopita Kwenye Mahindi Yetu

Mjomba Masanja, shikamoo.

Ni mimi, Kabula wa dada yako. Tangu tukuzike siongei sana, lakini kwenye karatasi siogopi, unanijua.

Mtandao wenye kasi umefika shuleni kwetu, Mjomba. Serikali imelaza mkongo chini ya ardhi kutoka barabara ya Biharamulo. Kidogo tuukose kwa sababu ya Baba. Njia yake ya kwenda shuleni inakata pembeni ya mahindi yetu, na watu walipoona mafundi wanapima na kuchimba, Buseresere nzima ikasema dhahabu. Baba akakataa kusaini ruhusa ya kupitisha mtaro. "Hawa wameona mkanda wa dhahabu," akasema. "Waya ni geresha tu." Mama Kulwa, jirani, akabeba udongo wa mtaro ndoo mbili.

Fundi akasema Baba asiposaini kufikia Ijumaa, shule yetu itarukwa. Nililia maktabani, nikajifanya nasoma. Kubishana na Baba siwezi. Basi nikachukua karai lako la kuoshea dhahabu.

Nilichota udongo pale mtaro ulipoishia, mpakani kabisa mwa shamba, nikakaa uani kuuosha. Taratibu, ulivyonifundisha. "Usiangalie maji, angalia mchanga mweusi." Baba akaja, akasimama nyuma yangu. Mama Kulwa naye akasogea: "Mpwa wa Masanja, ukipata usitusahau."

Niliosha mara tatu. Mchanga mweusi mtupu, hata chembe ya dhahabu hakuna. Baba akainama, akaupapasa kwa kidole, halafu akacheka mpaka akakaa chini. "Haya, kamwiteni huyo fundi aje na kalamu yake." Mama Kulwa ule udongo wake ameupandia mchicha.

Mtandao ulipowashwa, Jumatatu iliyofuata ilikuwa zamu yangu kwenye kompyuta. Wenzangu walitafuta mpira. Mimi nilitafuta zebaki, ile uliyokuwa ukiichoma kwenye kikaango ili dhahabu ibaki, mpaka mikono ikaanza kukutetemeka na... basi. Ukurasa ulifunguka palepale. Kumbe kuna chombo cha kuchomea chenye kifuniko, moshi wake hautoki nje. Nimekichora kwenye daftari na vipimo vyote. Sikulaumu, Mjomba. Hukujua, na sisi hatukujua.

Wenzako wa duarani, kule shimoni mlikochimba dhahabu, bado wanachomea wazi. Jumamosi nitawapelekea mchoro, na nitawaeleza mwenyewe, kwa mdomo, hata sauti ikitetemeka. Nakuahidi.

Lala salama, Mjomba wangu.

Mpwa wako,
Kabula