Beberu wa Ntheo

Majengo, Nairobi
11 Machi 1979

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Mutisya,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, binti yako Ndindi. Mimi ni mzima, nalala na kuamka vizuri, shida yangu ni kutojua habari zenu. Je, goti la mama limepoa? Na mvua imefika Mwala, au bado mnatazama mawingu tu?

Usishtuke kuona nakuandikia kutoka Nairobi. Nilihama Mombasa mwezi wa Januari. Tangu Mulwa aende Kanada kufanya kazi ya samani, na kuiomba serikali ya huko iniruhusu nimfuate, barua za ubalozi zilikuwa zikinifikia Changamwe tarehe zimeshapita. Wifi yangu Nzembi akasema nije nikae naye hapa, karibu na ofisi zenyewe. Mchana tunawapigia msasa vinyago wachongaji wa Gikomba, kisha tunaving'arisha kwa rangi ya viatu. Nimewapiga msasa twiga wengi, baba, hata nikifumba macho naona shingo tu. Vijana wa mtaa wameshazipata habari zangu, nikipita wananiita Mathe wa Kanada, yaani Mama wa Kanada.

Niliogopa faili langu lingebaki likinitafuta Mombasa, kwa hiyo nikaenda ubalozini kutoa anwani mpya. Niliyoyaona huko yalinishinda. Mama mmoja Mzungu alifungua kabati akatoa faili nene lenye jina langu, na jina lako pia limo, limepigwa taipu! Ukutani kulikuwa na ramani. Nikamwomba karani, msichana aitwaye Waringa, anionyeshe Machakos na mji wa Winnipeg aliko Mulwa. Aliweka kidole huku na kidole kule, mikono ikabidi aitanue kama anayepima kitambaa. Nilisimama pale nikasahau kilichonileta. Mulwa wangu, aliyekuwa akiogopa hata kivuko cha Likoni, ameyavuka maji yote yale!

Kisha yule mama akaniuliza cheti cha ndoa. Nikasema hatuna. Waringa akamweleza kwamba kwetu Wakamba mke huwa mke pale mume anapoleta mbuzi wa ntheo kwa baba wa binti, na beberu akachinjwa. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliuliza walikuwa wangapi, nikasema watatu, naye akawaandika. Hebu fikiri, mbuzi watatu wa Mwala wamo ndani ya faili la serikali ya Kanada! Mpaka leo nikikumbuka nashika mdomo. Mwisho akasema kinachobaki ni kiapo chako mbele ya hakimu wa Machakos, kwamba Mulwa aliitoa ntheo yote kwa desturi. Nilipewa siku sitini, na mwezi mmoja umeshakwisha. Kiapo kisipofika, ombi litafungwa.

Hapo ndipo kitumbua changu kilipoingia mchanga. Nakujua, baba. Ulikataa kuapa kumtetea ndugu yako wa tumbo moja katika kesi ya mpaka, kwa sababu hukuyaona mawe yakiwekwa. Ubalozi ninauogopa, lakini kiapo chako nakiogopa zaidi. Siwezi kukuacha uape bila kujua.

Mulwa alileta mbuzi wawili tu. Yule beberu mweusi uliyemchinja, ukamshika mgongo ukisema mkweo ana jicho la kuchagua, nilimnunua mimi. Niliuza viondo vyangu vyote sokoni, nikampa Mativo, mdogo wake Mulwa, amwingize uani pamoja na wale wawili. Mulwa alikataa, nikamng'ang'ania mpaka akanyamaza. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo ya kwao, nami niliogopa kwamba ukimrudisha kwa kupungukiwa, hatapata uso wa kuja tena. Kwa desturi yetu, baba, nilijioa mwenyewe. Miaka minne watu wananiita mke wa Mulwa, na kila wakiniita hivyo naona aibu. Nisamehe.

Nilimwandikia Mulwa kwamba nitakuambia. Hakubisha hata kidogo. Anayekuletea barua hii ni Mativo, na beberu uliyemwona akimfunga nje amenunuliwa kwa jasho la Mulwa, si langu. Ukikubali kumchinja, basi nenda Machakos ukaape, na utakuwa umeapa ukweli. Ukiona amechelewa mno, mrudishe na Mativo. Sitakulaumu. Nitakwenda ubalozini mwenyewe niwaambie wafunge faili, maana nampenda Mulwa sana, lakini sitaki kupanda ndege kwa kiapo cha uongo cha baba yangu.

Nzembi anawasalimu. Mwambie mama nimepata dawa ya goti, Mativo anayo mfukoni. Msalimie kila anayeniulizia, na Mungu awalinde nyote.

Ni mimi binti yako,
Ndindi

Jina la pili nimeliacha wazi mpaka Mativo arudi.