Miezi Minane Isiyohesabika

Jumatatu, 3 Juni

Afisa wa mfuko wa pensheni, aliyekuja hospitalini kwetu leo kwa siku moja, amesema kwamba ikifika tarehe 16 mwezi huu nitakuwa na utumishi wa miaka tisa na miezi minne. Kwa hesabu yangu nitakuwa na kumi kamili. Amelisema mbele ya watu saba waliokuwa kwenye foleni, bila kutoa macho kwenye kompyuta.

Nimetanguliza habari, salamu zifuate. Shikamoo Baba. Nyonga inasemaje? Unafika dukani au unaishia getini? Sisi wazima. Watoto wana mafua, wanapokezana kama walinzi wa zamu.

Sikupiga simu kwa sababu najua ungenijibu lile neno lako: andika. Umestaafu miaka sita sasa, lakini bado huamini jambo lisilo na tarehe juu yake.

Jambo lenyewe ni hili. Hospitali ya binafsi iliyo ng'ambo ya barabara inataka mkuu wa maabara. Wamenifanyia usaili na barua wamenipa. Nafasi wanaishikilia hadi tarehe 1 Julai, na notisi ya serikalini watailipia wao. Mpango wangu ulikuwa nimalize miaka kumi, niandike barua ya kuacha kazi, tarehe 1 nivuke barabara. Anayeacha kazi baada ya miaka kumi, pensheni yake inamngoja mpaka afikishe sitini. Anayeacha kabla anarudishiwa kile alichokatwa tu, na sehemu ya mwajiri inabaki huko huko.

Nilimuuliza yule afisa hiyo miezi minane imekwenda wapi. Akasema, "Dada, imeandikwa hapa, likizo bila malipo. Bila malipo, bila michango. Bila michango, bila utumishi." Akaita anayefuata.

Ni miezi ile niliyokuwa kwako ulipovunjika nyonga.

Faili langu liko huko kwenu makao makuu, kwenye masijala uliyoiongoza miaka ishirini na sita. Hakuna karatasi iliyopita pale usiyoijua njia yake. Niambie, kuna namna?

Binti yako


Alhamisi, 6 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Nyonga ipo, inatabiri mvua kuliko redio. Dukani nafika, kurudi ndiyo kazi. Wape watoto maji ya moto na uwapunguzie kukimbia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mimi ningekuwa wewe ningetulia. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hao wa ng'ambo ya barabara wanakupa mkataba wa miaka mingapi? Hukuandika, nami najua sababu ya kutoandika. Ukiugua miezi mitatu watakulipa? Jirani yangu mhasibu alikaa kampuni ya bima miaka kumi na tisa. Ijumaa moja saa tisa alasiri akapata ujumbe kwenye simu kwamba Jumatatu asije. Kumi na tisa, mwanangu. Hata kikombe chake cha chai alikifuata getini, kimefungwa kwenye gazeti.

Serikali inakawia, lakini haikufukuzi kwa simu. Mimi kiinua mgongo changu kilichukua miaka miwili na miezi saba, na unajua kwa nini: barua yangu ya kuthibitishwa kazini haikuonekana kwenye faili. Masijala yangu mwenyewe. Mganga hajigangi. Lakini kilikuja, na pensheni inaingia kila mwezi bila mimi kumpigia mtu magoti.

Kuhusu hiyo miezi minane, kanuni ni kanuni. Fanya kazi miezi minane mingine, kisha uvuke barabara ukiwa umenyooka.

Wasalimie.

Baba yako


Jumatatu, 10 Juni

Shikamoo Baba,

Natumaini mvua imekoma na nyonga imenyamaza. Mafua yamehamia kwangu.

Mbachao wangu umetoboka, na kwa kuwa unapenda mambo yaliyoandikwa, nitayaandika.

Mkataba ni wa miaka miwili, unaongezwa. Ndiyo, niliacha kuandika kwa makusudi. Mshahara ni wangu wa sasa na theluthi mbili zaidi, unaingia tarehe 25. Wangu wa sasa unaingia kati ya tarehe 23 na siku wanayoamua. Daraja sijapandishwa mwaka wa sita huu. Kila Julai naambiwa jina limepelekwa.

Likizo. Serikalini siku ishirini na nane, ukisikia unadhani ni neema, mpaka uhesabu Jumamosi na Jumapili zilizomo. Toa hizo, zinabaki ishirini. Ng'ambo wanatoa ishirini na moja za kazi tupu. Ila yule mama wa utumishi wao aliniambia, anatabasamu, kwamba mwaka jana wengi "walichagua" kutozimaliza, na zisizochukuliwa zinafutwa Desemba. Nikamuuliza walichagua kwa maneno au kwa maandishi. Tabasamu likaisha.

Ugonjwa: huku miezi sita kwa mshahara kamili, kule miwili. Uzee: huku pensheni ya kila mwezi mpaka kaburini, kule kiinua mgongo kila mkataba ukiisha, halafu utajua mwenyewe. Kwa hiyo usinieleze kama mtu asiyeona. Naona. Ndiyo maana nataka ile miaka kumi niende nayo. Nivuke barabara nikiwa na pensheni yangu nyuma, siyo mikono mitupu.

Na kungoja miezi minane, nafasi haingoji. Mashine yetu ya kupima damu imekufa tangu Februari. Nahesabu chembe kwa jicho, kwenye darubini moja, za wodi nne. Fundi alikuja, akaitazama, akaipiga picha, akaondoka nayo picha.

Sasa kilichonifanya niandike leo. Asubuhi nimekwenda kwa afisa utumishi wetu. Akafungua kanuni, akaniuliza kwa nini niliomba likizo bila malipo wakati ipo likizo ya kuuguza mzazi: nusu mshahara, hadi miezi tisa, na inahesabika kwenye utumishi kama kawaida. Kinachotakiwa ni fomu moja tu ya daktari wa mgonjwa. Akaniangalia kama mtu aliyenunua mlango akasahau nyumba.

Baba, ile barua ya kuomba likizo uliiandika wewe, kitandani, kwa mwandiko wako. Mimi nilitia sahihi. Ulisema ya nusu mshahara inachukua muda, hii ndiyo ya haraka. Wewe uliyezijua kanuni kwa namba zake. Ilikuwaje?

Binti yako


Jumatatu, 17 Juni

Shikamoo Baba,

Karani wa ofisi ya mabasi yanayobeba barua zetu ananiambia ulichukua bahasha yangu tarehe 11, saa nne asubuhi, ukasaini. Kwa hiyo haikupotea. Na jirani yako mhasibu ananiambia u mzima, jana mlicheza bao, ukamla mara tatu. Nashukuru kwa afya hiyo.

Tarehe 16 ilikuwa jana. Wafanyakazi wenzangu walioajiriwa siku moja na mimi wametimiza kumi. Dereva wa ambulensi, tuliyeapishwa naye, amenunua soda kwa idara nzima. Kwangu akasema, "Wewe kunywa nusu, dada, utamalizia Februari."

Zimebaki wiki mbili. Nimekuuliza swali moja. Kukaa kimya nako ni jibu, lakini hakuna mhuri.

Binti yako


Jumatano, 19 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima kama ulivyoripotiwa.

Nitajibu kwa mpangilio.

Likizo ya kuuguza niliijua. Ni kanuni ya arobaini na moja, kifungu kidogo cha tatu. Nilikuwa naijua nikiwa pale kitandani, mguu umefungwa uzito wa kuunyoosha. Fomu ya daktari nayo ilikuwepo. Aliijaza siku ya nne, akaigonga mhuri, akanikabidhi mkononi wewe ukiwa umekwenda kuleta chakula. Nikaiweka chini ya godoro.

Fomu ile ina sehemu ya pili. Daktari anatakiwa aandike mgonjwa hawezi kufanya nini. Aliandika, kwa herufi kubwa: hawezi kuoga, hawezi kuvaa, hawezi kwenda chooni bila kusaidiwa. Ingeingia kwenye faili lako. Faili lako lingepita masijala. Watu wanadhani karani wa masijala anapanga mafaili tu. Kila faili linalopita pale linasomwa. Nalijua hilo kwa sababu nilikuwa nalisoma mimi. Nani kapewa onyo, nani kaomba mkopo wa mazishi, mke wa nani kajifungua miezi mingapi baada ya harusi. Tulisoma na tulicheka, kisha tukafunga uzi.

Nilikuwa na miaka miwili tu tangu niagwe pale kwa hotuba na saa ya ukutani. Bwana Faili, ndivyo walivyoniita. Sikutaka Bwana Faili asomwe kwamba anavalishwa nguo na bintiye. Kwa hiyo nikaandika bila malipo, nikakwambia ni ya haraka. Uliniamini, ukakaa miezi minane bila senti, na mimi nikakuona unauza cherehani yako.

Barua ya tarehe 6 niliyokuandikia kuhusu kutulia na msala ilikuwa ya kukwepa. Nilitumaini utaghairi kuondoka, jambo lipite.

Fomu ninayo. Sijawahi kuchana karatasi yenye mhuri.

Baba yako


Ijumaa, 21 Juni

Baba, shikamoo.

Nimeisoma barua yako maabara, nikaiweka, nikahesabu chembe za watu kumi na wawili, nikaisoma tena. Sijui la kukwambia kuhusu cherehani, kwa hiyo silisemi.

Nilikuogesha miezi mitano, Baba. Ulikuwa unageuza uso ukutani na kunisimulia namna ya kupanga majalada kwa herufi. Nilidhani unanifundisha kazi.

Mtu anaficha fomu chini ya godoro ninalolitandika mimi kila asubuhi, na mimi siioni. Hapo nimejikasirikia hata mimi.

Nimemuuliza afisa utumishi bila kutaja jina la mtu. Anasema aina ya likizo inaweza kubadilishwa hata baada ya miaka, mradi fomu iwe ya tarehe ile ile ya ugonjwa na iwe na mhuri wa wakati ule. Ikikubaliwa, nitadaiwa michango ya miezi hiyo kwenye ile nusu mshahara ambayo wao ndio watakuwa wananidai au ninawadai, hata yeye hakuelewa, akasema wahasibu watajuana. Nilichoshika mimi ni kwamba utumishi utasomeka miaka kumi. Maombi yanapelekwa masijala ya makao makuu, kwa mkono. Kwa posta, anasema, yatafika nikiwa nimestaafu.

Mimi sipati ruhusa. Wodi nne, darubini moja. Ni wewe.

Barua ya maombi nimeiambatanisha, nimetia sahihi. Sitaki uniombe radhi. Nataka uniletee namba ya kupokelewa.

Na usiikunje sehemu ya pili.

Binti yako


Jumanne, 25 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Nimekwenda jana. Ngazi ni ishirini na mbili, zamani sikuwahi kuzihesabu.

Masijala inaongozwa sasa na yule binti niliyemfundisha kufunga uzi wa faili, yule aliyekuwa akilia namba zikirukwa. Sasa ana miwani na watu watatu chini yake. Aliponiona alisimama. "Bwana Faili, shikamoo. Umetufuata au tumekukosea?" Nikampa bahasha. Nilikuwa nimeipanga kama inavyotakiwa: maombi juu, fomu chini yake, uso juu.

Aliisoma mbele yangu. Sikumwambia asiisome, ningeanzia wapi. Sehemu ya pili aliisoma polepole, kidole kinafuata mstari. Kijana mmoja wa meza ya dirishani akanyoosha shingo, akasoma kwa pembeni, akauliza, "Mzee, siku hizi unaoga mwenyewe?"

Nikamwambia, "Naoga. Na wewe je, unaanza lini?"

Walicheka wote, na mimi nikacheka kidogo. Kisha mkuu wa masijala akamtuma kijana akaoshe vikombe, akagonga mhuri mara mbili, mmoja kwenye fomu, mmoja kwenye nakala yetu. Akasema, "Mzee, ungeileta miaka minne iliyopita, bintiyo asingenisumbua mwezi huu na barua tatu za kuuliza michango yake." Sikujua uliandika barua tatu. Hukuniambia. Nadhani tumefanana.

Namba ya kupokelewa ni 118 ya mwaka huu, ukurasa wa 64 kwenye faili lako. Nimeiona ikiandikwa. Nimekaa mpaka uzi ukafungwa.

Kuhusu kuvuka barabara, nilichoandika tarehe 6 nakifuta. Ukipewa kumi yako, vuka. Siku zako za likizo chukua zote, na kama yule mama atakwambia umechagua kutozichukua, mwambie akupe kwa maandishi. Usipopewa hiyo kumi, uamuzi ni wako, sitakuandikia methali.

Kamati ya likizo inakaa Alhamisi, tarehe 27 Juni, saa tatu asubuhi, ghorofa ya kwanza, chumba namba 14. Mwombaji anatakiwa awepo mwenyewe, na kitambulisho cha kazi na nakala ya barua ya ajira. Mzazi aliyeuguzwa naye anaitwa, wakitaka kumwona. Omba ruhusa ya siku moja, hiyo hawawezi kukunyima, ni kanuni ya kumi na nane. Basi la saa kumi na moja alfajiri linafika saa mbili na nusu. Nitakuwa chini ya ngazi kuanzia saa mbili.

Baba yako