Koti ya Baba Mkwe

Wangui uko? Wacha hizo sufuria, soma hii.

Wakwe zangu wametoka hapa saa hii. Kukhu Nanjala, nyanya yangu mwenyewe, karibu avunje harusi.

Baba yake Zachariah wangu amekuja na koti ya kijivu, ya zamaaani. Eti marehemu mzee wake aliinunua kanisani Waithaka, mwaka wa sabini na tatu. Kukhu akaiangalia, chai ikampalia. Ikampalia, nakuambia!

Kumbe siku hiyo ilikuwa sikukuu ya mavuno, na Kukhu, msichana bado, ndiye alikuwa mlangoni akipokea sadaka. Kuku, ndizi, viazi, anapeleka mbele vipigwe mnada baada ya ibada.

Wakaingia wazungu wa misheni, wametoka Amerika juzi tu. Mmoja anasikia joto. Akavua koti, akampatia Nanjala. Si kwao koti inaachwa mlangoni!

Nanjala akaona, huyu mgeni ana moyo. Akaipeleka mbele. Katikati ya kuku, Wangui. KATIKATI YA KUKU.

Huyo marehemu mzee akaishinda kwa mnada, akaivaa hapo hapo. Kanisa makofi. Mzungu naye makofi, mpaka akaitambua. Nanjala akatamani ardhi ipasuke immeze.

Sasa leo baba mkwe anatuambia, kifua mbele: "Hata mzungu mmoja alimkumbatia baba. Akamshika muuuda mrefu, kama ndugu."

Sebule nzima: "Amina!"

Kukhu akaniinamia sikioni: "Alikuwa anatoa pasipoti yake mfukoni."