Mafuta ya Bei Rahisi

Jumatatu, 4 Juni 1956

Sabuni yangu inanuka. Nyiramana ameniambia leo bila kuzunguka. Anafua mashuka ya hoteli kule ziwani, anajua sabuni kunishinda mi ninayeipika. Wageni wanalalamika shuka zinanuka mawese yaliyooza. Nilikasirika. Halafu nikasema, bon, njoo unionyeshe. Tangu mume wangu afe sijamufungulia mutu jiko langu.

Jumanne, 12 Juni

Amekuja na furushi la mchaichai kutoka Cyanzarwe. Tumechemsha, tumechuja, maji yake tumekorogea soude, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Sabuni imetoka ngumu, harufu safi. Tumepatana: kila vipande kumi, kimoja chake. Kadiri, shemeji yangu anayeuza sokoni, amenuna. Eti siri ya jiko haigawiwi kwa watu wa nje. Nimemujibu, hiyo sabuni ya siri ilikuwa inalala kwenye rafu.

Jumanne, 26 Juni

Vipande mia mbili kwa juma moja — zamani hatukufika sitini. Wanawake wa Goma wanavuka mpaka kuja kununua. Mawese hayatoshi. Kadiri anasema atatafuta mafuta mengine, ya bei rahisi, mi nikoroge tu. Amekuwa mupole ghafla.

Jumamosi, 7 Julai

Natapika tangu asubuhi.

Nyiramana alipita Kanzenze, kwa muzungu anayefuga nguruwe. Akamukuta Kadiri anapakia madebe ya mafuta. Amenieleza kama jambo la kawaida — alidhani najua. Nimefungua pipa. Mafuta meupe, laini, ya nguruwe. Siku kumi nimeingiza mikono humo hadi viwiko. Nikakimbia kunawa. Kwa sabuni gani? Kwa sabuni hiyo hiyo.

Kadiri hakukana. Alikuwa anatafuna karanga.

"Shemeji, we ndiye ulifungua mulango. Ulitaka akili ya watu wa nje. Na hii imetoka nje. Soude inakula kila kitu, inabaki sabuni. Angalia faida."

Ganda la karanga lilimushika kwenye mudomo. Sikuweza kumutazama.

Kanzu za Ijumaa za mutaa muzima zimefuliwa kwa uchafu huu. Na mi nimenyamaza kutwa. Hilo linanichefua kuliko mafuta.

Jumapili, 8 Julai

Nyiramana anasema niwaambie watu. Na yeye atapoteza fungu lake, lakini anasema. Nimemujibu: nikisema, jiko limekufa, hakuna Mwislamu atanunua hata chumvi kwangu. Nitaishi na nini? Aliniangalia vile anaangalia shuka yenye doa, akabeba beseni lake akaenda.

Jumatatu, 9 Julai

Mama mukwe wa jirani yangu Mwamini amefariki alfajiri. Mwamini iko mulangoni sasa hivi, macho mekundu. Anataka sabuni ya kumuoshea marehemu.

"Ile yako nzuri, dada. Mama aliipenda."

Katika nyumba hakuna nyingine. Ile ya zamani iliisha tangu mwezi uliopita. Nimemwambia angoje kidogo, nimeingia chumbani, nimefunga mulango. Naandika nimesimama. Neno moja tu natakiwa kutoka nikaseme.

Kadiri iko naye sebuleni. Nasikia anafunga vipande viwili katika gazeti. Mwamini anauliza bei. Kadiri anamwambia hapana, leo hatuuzi, hii ni sadaka ya jiko kwa marehemu. Naweka kalamu, nafungua mulango.